Kubatilisha, Kutengua, Kufuta: Uhakiki wa Visawe vya Kitenzi "Quash" katika Kiswahili cha Mahakama

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania yameongeza uzito wa kila kisawe cha kisheria. Kitenzi cha Kiingereza "quash" ni mfano mzuri. Watafsiri hukipa visawe vitatu, yaani kubatilisha, kutengua na kufuta, kana kwamba vina maana moja. Uhakiki huu unadai kwamba havilingani.

Kitenzi hicho kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na ndani yake mna vitenzi viwili vya Kilatini: quassare, kutikisa kwa nguvu hadi kuvunja, na cassare, kukifanya kitu kuwa tupu. Ndiyo maana hadi leo kina matumizi mawili. Jeshi linapokomesha uasi kwa nguvu, Kiswahili husema limeuzima. Mahakama inapoondoa uamuzi, haizimi chochote. Hutamka kwamba uamuzi huo hauna nguvu ya kisheria. Mzizi huohuo wa utupu umo katika jina la Kifaransa la Cour de cassation ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Katika rufani za jinai zilizoandikwa kwa Kiingereza, mahakama hutumia vitenzi viwili mfululizo: "quash" kwa hatia, na kingine, chenye maana ya kuweka kando, kwa adhabu. Mtafsiri anayeandika "kufuta hatia na kufuta adhabu" hupoteza tofauti hiyo. Kutengua hukiri kwamba kitu kilikuwa sahihi kabla ya kuondolewa, kama mtu anavyotengua udhu uliokuwa umetimia. Batili, kwa upande wake, ni kitu kisichokuwa na uhalali tangu mwanzo. Kwa hiyo kubatilisha hufaa hatia, na kutengua hufaa adhabu.

Udhaifu wa kufuta ni mkubwa zaidi, kwa kuwa hakuonyeshi mamlaka ya mtendaji. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kufuta uchaguzi ambao tume yake yenyewe iliusimamia. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais baada ya kusikiliza pande zote. Kuyaita matukio yote mawili "kufuta" ni kuficha swali la msingi: nani alikuwa na mamlaka ya kuondoa matokeo, na kwa utaratibu gani?

Mabaraza ya lugha na idara za mahakama katika ukanda huu yanapaswa kukubaliana kwamba kubatilisha kutumike kwa amri ya mahakama inayoondoa uhalali, kutengua kwa kuondoa kilichokuwa halali, na kufuta kubaki neno la kiutawala. Mrufani anayesomewa hukumu kwa Kiswahili ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo limetendeka.