Bwana, Mtumwa na Mota: Uhakiki wa Jozi Moja ya Istilahi za Kiufundi

Itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, huviwezesha vidhibiti vya viwandani kuwasiliana na vifaa vilivyo chini yake, vikiwemo viendeshi vya mota. Kwa takribani miongo minne uhusiano huo uliitwa, kwa Kiingereza, kwa maneno yenye maana ya bwana na mtumwa. Mwaka 2020 taasisi inayoisimamia, Modbus Organization, iliiacha jozi hiyo na kuchukua ya mteja na seva. Katika Kiingereza hoja kuu ilikuwa ya staha na historia. Katika Kiswahili kuna tatizo la ziada, nalo hufichwa na tafsiri sisisi.

Mtumwa, kimofolojia, ni mtu atumwaye. Shina -tum- ndilo lililozaa mtume, mtumishi na matumizi. Mtetezi wa jozi ya kale angeweza kushikilia hapo: kiendeshi hutumwa kuzungusha mota, basi ni mtumwa kwa maana ya asili. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika jamii ya pwani kinyume cha mtumwa hakikuwa bwana peke yake, bali pia muungwana. Neno lilipima nasaba na heshima, si kazi tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa mwaka 1897. Neno lenyewe lingali tusi.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ni ya usahihi, kigezo cha kwanza katika vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi. Katika Modbus ya waya, kidhibiti huuliza na kifaa chenye anwani kati ya 1 na 247 hujibu; kisipoulizwa hunyamaza. Ujumbe wa anwani 0 huvifikia vifaa vyote wala haujibiwi. Kidhibiti kikiandika thamani katika rejista moja kwa amri namba 06, jibu la kawaida ni kuurudia ujumbe uleule. Huo ni uhusiano wa zamu ya kusema. Lakini pale mota mbili zinapovuta mkanda mmoja, na kiendeshi cha pili kikafuata kasi au nguvu ya mzunguko ya kile cha kwanza, jozi ileile imetumika pia. Hivyo kiendeshi kimoja kinaweza kuwa mtumwa wa kidhibiti na papo hapo bwana wa kiendeshi jirani. Mwanafunzi anayesoma mchoro wa mtambo atajuaje ni utumwa upi?

Jozi ya mteja na seva haimsaidii sana. Katika simu za Afrika Mashariki mteja ni yule anayepigiwa na hapatikani. Nchini Kenya mtu ambaye simu yake imezimwa huambiwa kabisa kuwa ni mteja. Katika Modbus mteja ndiye anayepiga. Isitoshe, anayeagiza mota isimame ni vigumu kumwona kama mnunuzi.

Kiswahili kina njia yake. Ngeli ya KI-VI, iliyokwisha kutoa kikokotozi na kichapishi, inaweza kutoa kiulizi na kijibizi kwa zamu ya kusema, na kiongozi na kifuasi kwa mwendo wa mota. Kifaa na kidhibiti, jozi inayolingana na ile ya PROFINET, ni safi, ila kifaa ni neno pana mno: hata bisibisi ni kifaa. Pingamizi dhidi ya kiongozi, kwamba neno hilo ni la watu, linajibiwa na upatanisho wa kisarufi. Kiongozi amesimama ni mtu. Kiongozi kimesimama ni kiendeshi, na fundi ataenda kukikagua.