Njia ya Msalaba kwa Nyuzi Kumi na Sita

Katika Kanisa letu tumezoea kuupima muziki kwa maneno yake. Wimbo ukiwa na maneno ya Biblia tunaupokea. Usipokuwa nayo tunauacha nje ya mlango. Lakini tufanye nini na muziki usio na neno hata moja, nao unajiita Njia ya Msalaba? Hilo ndilo swali la makala haya, nasi tutalichunguza kwa kuitazama kazi ya mtunzi wa Uganda, Justinian Tamusuza, iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kulitambua neno la mwisho: omusaalaba ni ndugu wa msalaba wetu. Maana ya jina zima ni "katika njia ya msalaba".

Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Alisoma katika Queen's University huko Belfast, ambako mtunzi Kevin Volans alikuwa mwalimu wake, kisha akapata udaktari katika Northwestern University, Marekani, naye amefundisha Makerere. Kazi hii ya mwaka 1988 ni kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa vyombo vinne tu: fidla mbili, viola na selo, kila kimoja kikiwa na nyuzi nne. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la San Francisco liliitoa sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa, pamoja na kazi za watunzi wengine wa bara letu. Albamu hiyo iliongoza orodha za Billboard, ile ya muziki wa klasiki na ile ya muziki wa dunia. Hivyo yumkini watu wengi wa Ulaya na Marekani wamemsikia Tamusuza kuliko Wakristo wa Afrika ya Mashariki.

Sisi tuliisikiliza sehemu hiyo katika Juma la Mateso huko Masanze, Wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, pamoja na wainjilisti, wanakwaya na wazee wachache. Nchi hii ya Wasagara imepokea watu wa makabila mengi tangu enzi za reli na mashamba ya mkonge, na masikio yake yamezoea muziki wa namna nyingi. Mzee mmoja mwenye asili ya Ugogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwinjilisti, huyo anapiga zeze. Ila limenyooka mno." Mama mmoja mzee wa kanisa naye akauliza, "Mbona wanakwenda mbio? Bwana alikuwa anakwenda kufa." Tangu siku ile hatujapata maneno mawili yaliyo bora kuliko hayo ya kuanzia uhakiki wa kazi hii.

Tuanze na swali la mama. Ni kweli kwamba muziki huu unakwenda mbio. Vipande vifupi vya sauti vinarudiwa na kurudiwa, nyuzi zinadonolewa kwa vidole na kuvutwa kwa upinde, na mwendo ni wa miguu inayocheza. Aliyezoea nyimbo zetu za Ijumaa Kuu atashangaa. Hata katika muziki wa vyombo vichache wa Ulaya, mfano ulio mashuhuri wa jambo hili unakwenda kinyume: Joseph Haydn, alipoyatungia muziki Maneno Saba ya Mwokozi msalabani na kuyapanga kwa kwarteti mwaka 1787, aliweka sehemu saba za mwendo wa polepole, moja baada ya nyingine, na kumalizia kwa tetemeko la nchi. Haydn anatusimamisha chini ya msalaba na kutuamuru tunyamaze.

Lakini Tamusuza hakuandika juu ya kusimama. Aliandika "katika njia". Mwinjili Luka anasimulia (23:27) kwamba mkutano mkubwa ulimfuata Yesu, na wanawake wakimwombolezea. Njia ile haikuwa na utulivu. Ilikuwa na vumbi, watu wa kila namna, na miguu mingi. Na je, sisi wenyewe tunapompeleka marehemu kaburini tunakwenda kimya? Tunaimba tukitembea, na hatua zetu zinaupa wimbo mwendo wake. Asiyetujua akitutazama kwa mbali anaweza kudhani tunakwenda harusini. Ngoma na msiba si maadui katika nchi zetu. Wala si jambo la Afrika peke yake: Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu, aliyahitimisha Mateso kama alivyoyaandika Mathayo kwa mwendo unaofanana na sarabande, ambayo ilikuwa ngoma.

Aidha, iko sababu ya ndani zaidi. Katika muziki wa Buganda kuna amadinda, marimba ya pao kumi na mbili, yanayopigwa na watu watatu. Wa kwanza anapiga sauti zake. Wa pili anaziingiza zake katika nafasi zilizoachwa na wa kwanza. Wa tatu, kwa pao mbili ndogo, anaziokota baadhi ya sauti na kuzirudia juu. Ukimsikiliza mmoja peke yake hupati wimbo. Wimbo uko baina yao. Tamusuza ameichukua hekima hiyo na kuwapa wapigaji wa fidla, watu waliofunzwa katika desturi ambayo mara nyingi fidla ya kwanza hutawala na nyingine humfuata. Hapa hakuna wa kwanza. Mwalimu anayefundisha 1 Wakorintho 12 anaweza kuwasikilizisha wanafunzi wake dakika chache za muziki huu, nao wataelewa habari ya viungo vingi na mwili mmoja kuliko kwa maelezo marefu ya ubaoni.

Tukumbuke pia kwamba hekima hiyo ilikaribia kupotea. Mwezi Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yalilishambulia jumba la Kabaka. Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na wapigaji wa ngoma za kifalme wakatawanyika. Ufalme haukurudishwa hadi mwaka 1993. Kwa hiyo mtunzi alipoziandika sauti hizo katika karatasi mwaka 1988, jumba zilimokuwa zikipigwa lilikuwa bado halina mfalme. Historia hiyo haimo katika jina la kazi, lakini anayeijua hawezi kuisikia njia hii ya msalaba bila kuikumbuka.

Sasa turudi kwa mzee na zeze lake "lililonyooka mno". Huko Kilosa kuna jina lisilosahaulika, la Mangungo wa Msovero, ambaye mwezi Novemba 1884 alitia alama yake katika mkataba wa Carl Peters, ulioandikwa kwa lugha asiyoijua. Je, mwana wa Buganda anapowapa wapigaji wa San Francisco sauti za kwao, si mkataba mwingine wa Mangungo? Tunasema hapana, na sababu ni moja: Tamusuza aliijua lugha ya karatasi. Aliiandika yeye mwenyewe, jina la kazi akaliacha katika Kiganda, na mgeni ndiye aliyelazimika kujifunza. Hata hivyo mzee alisikia jambo la kweli. Ngazi ya sauti ya Kiganda ina hatua tano zinazokaribia kulingana, na vidole vilivyolelewa katika ngazi ya Ulaya huzivuta hatua hizo kuelekea kwao. Ule ukali mdogo wa endingidi yenye uzi mmoja, au wa zeze, unalainishwa. Huo ni upungufu, nao tunausema bila kumdharau mtu.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, nao si wa mtunzi. Katika albamu ile sehemu ya kwanza imesimama peke yake kwa jina Ekitundu Ekisooka, yaani Sehemu ya Kwanza. Msikilizaji anapewa mwanzo wa njia bila mwisho wake. Anapokea uchangamfu na kwenda zake, wala hajui kwamba msalaba ulitajwa. Luther alipojitetea Heidelberg mwaka 1518 alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Tunaogopa kwamba hivi ndivyo dunia inavyopenda kuisikia Afrika: iwe na furaha, iwe fupi. Nasi tusiwahukumu wengine tu. Tangu Mchungaji Bernard Kyamanywa alipoyavika maneno ya Pasaka sauti ya Kihaya mwaka 1966, na Howard Olson alipokusanya nyimbo za makabila yetu, ni makwaya mangapi yamezipita Ijumaa Kuu na kukimbilia mdundo wa kinanda cha umeme, uleule kila Jumapili?

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wa theolojia mambo mawili. Kwanza, wasiuogope muziki usio na maneno, bali wauhoji kama wanavyolihoji andiko: umetoka wapi, unakwenda wapi, umekatwa wapi. Pili, wanapopelekwa mazoezini sharikani, wawatafute wazee.

Maana mzee yule wa Masanze, tulipokuwa tukiagana, alitueleza kwamba alilitundika zeze lake ukutani mwaka aliobatizwa. Hakuna aliyemwamuru, aliona tu kwamba kanisani halikuwa na mahali. Akatuuliza kama bado ni hivyo. Tulitazamana, watumishi wa Neno wenye miaka mingi ya masomo, na hakuna kati yetu aliyemjibu upesi.