Lawama na Mapenzi kwa Riwaya Ndefu za Uingereza

Yeyote aliyewahi kuifungua Bleak House ya Charles Dickens anaijua taabu yake. Sura ni 67. Ukungu wa London umetanda tangu ukurasa wa kwanza, wanasheria wanaingia na kutoka, na kabla kesi yenyewe haijaeleweka msomaji ameshasahau nani ni nani. Lakini msomaji huyo huyo, akifika pale anapokufa Jo, yule mtoto fukara mfagia njia, hukiweka kitabu chini akanyamaza. Hatukubali kwamba hili ni suala la ladha ya mtu binafsi tu. Lina mizizi katika hali halisi ya Uingereza ya karne ya 19.

Tuchukue urefu. Bleak House ilitolewa kwa vipande vya kila mwezi, kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853, kila kipande shilingi moja. Kurasa 32 ilibidi zijazwe, mwandishi apende asipende. Riwaya nyingine zilitoka kwa juzuu tatu, kwa shilingi 31 na peni 6, fedha ambazo mvujajasho hakuwa nazo. Wanunuzi wakubwa walikuwa wenye maktaba za kuazimisha, hasa Mudie, aliyemtoza mwanachama shilingi 21 kwa mwaka ili aazime juzuu moja moja. Hivyo kitabu kimoja kiliweza kushikwa na wanachama watatu kwa wakati mmoja! Mwaka 1894 wenye maktaba hao walipoona kwamba juzuu tatu haziwalipi tena, mtindo huo ulikufa upesi. Basi nyingi ya kurasa zinazotuchosha zilizaliwa na biashara. (Esther Summerson, anayejidharau ili asifiwe, hatuwezi kumlaumu Mudie kwa ajili yake.)

Hata hivyo, urefu si kosa kubwa. Hard Times ndiyo riwaya fupi kuliko zote za Dickens, nayo ndiyo inayotuudhi zaidi.

Mwaka 1853, katika mji wa Preston, wafanyakazi wa viwanda vya pamba walidai warudishiwe asilimia 10 ya mishahara yao iliyokuwa imekatwa. Mabepari wakawafungia milango. Mwanzoni mwa 1854 Dickens alikwenda kujionea mwenyewe, na Februari akachapisha taarifa katika jarida lake la kila wiki, Household Words. Humo tunawakuta wafanyakazi watulivu, wanaoendesha mkutano wao kwa utaratibu. Yupo pia msemaji mmoja mwenye maneno makali, ambaye Dickens anamwita Gruffshaw. Lakini mwenyekiti, mfanyakazi mwenzao, anamnyamazisha.

Aprili ya mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Hard Times ikaanza. Sasa msemaji wa aina ile ile, aitwaye Slackbridge, ndiye anayetawala mkutano. Wafanyakazi wanamfuata na kumtenga Stephen Blackpool kwa kuwa amekataa kujiunga nao. Yaani yale ambayo mwandishi wa habari aliyaona kwa macho yake, mtunzi wa riwaya aliyapindua! Kwa nini? Dickens alimchukia bepari Bounderby kwa moyo wote. Alichoshindwa kukipokea ni mfanyakazi anayejipanga na wenzake akaamua mambo yake mwenyewe. Alimpenda anayeteseka, akamwogopa anayeamua. Huo ndio mpaka wa mawazo ya mabwanyenye wadogo, na Stephen anauawa juu yake.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo riwaya hizi zitupwe. Hapo tunatofautiana nao. Dickens alikuwa na miaka 12 alipopelekwa kubandika karatasi kwenye chupa za rangi ya viatu, huku baba yake akiwa gerezani kwa deni. Ndiyo maana katika Hard Times hiyo hiyo lipo darasa ambamo Sissy, binti aliyelelewa kati ya farasi wa sarakasi, anaambiwa hajui farasi ni nini, na Bitzer anasifiwa kwa kuhesabu meno yake. Vijitabu vingi vya uchumi havijaieleza falsafa ya mabepari wa viwanda vizuri hivyo. Marx mwenyewe, mwaka 1854, aliwasifu Dickens na Elizabeth Gaskell kwa kufichua ukweli mwingi kuliko wanasiasa wa wakati wao.

Na Gaskell, katika North and South, alimwona mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama mtu mwenye akili zake. Ila naye alipofika mwisho alikwama: mgogoro wa kiwanda unatulizwa kwa ndoa na fedha za urithi. Urithi ndio mganga wa riwaya hizi. Jane Eyre naye anaupata, pauni 20,000 kutoka kwa ami yake.

Ni katika Great Expectations tu, ya 1860 hadi 1861, ambapo mganga huyo anavuliwa kilemba. Pip anajifunza uungwana kwa fedha asizozijua zilikotoka, mpaka usiku mmoja mwenyewe anabisha hodi: Magwitch, mfungwa aliyechunga kondoo Australia. Pip anaiona kinyaa mikono iliyomlisha. Dickens alikuwa ameandika mwisho ambamo Pip na Estella wanakutana kidogo barabarani, kisha kila mmoja anakwenda zake. Rafiki yake Bulwer-Lytton akamshawishi aubadilishe, wasomaji wapate matumaini. Ule wa kwanza ulichapishwa baada ya kifo chake, na siku hizi matoleo mengi huuweka nyuma ya kitabu. Sisi tunapoisoma riwaya hii, huo wa nyuma ndio tunaomalizia.