Kazi ya Anayetangulia

Ben Jipcho alimaliza wa kumi katika fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Ukisoma matokeo peke yake hutaona cha kusifia. Lakini mimi kila nikitafuta mfano wa kazi ya kumvuta mwenzako mbioni, huanzia kwa mwana huyu wa Mlima Elgon.

Siku ile Kipchoge Keino, Mkenya mwenzake, alikuwa na maumivu ya nyongo. Wiki moja kabla alikuwa ameanguka katika fainali ya mita 10,000, na madaktari walikuwa wamemshauri asikimbie tena. Aliyemsubiri ni Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, ambaye mwaka 1967 alikuwa amemshinda waziwazi kule Los Angeles. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kawaida angejitilia shaka kwa sababu moja tu kati ya hizo. Bastola ilipolia, Jipcho alichomoka, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kasi iliyoonekana ya kujimaliza kwenye hewa nyepesi kama ile. Keino akapata wa kumfuata, kisha akashika uongozi mwenyewe. Ryun, mwenye mmalizio mkali kuliko wote, alipokuja kuamka alikuta pengo halizibiki. Keino alishinda kwa dakika 3:34.91, karibu sekunde tatu mbele.

Kazi hiyohiyo hufanywa kila asubuhi bila kamera, na huko ndiko ninakoipenda zaidi. Kwenye barabara za udongo za Myanga, kabla makondakta wa matatu za Bungoma hawajaanza kuita abiria, mtazame anayevuta kikundi. Hageukigeuki nyuma, maana akigeuka, anayemfuata hudhani anaharakishwa. Anasikiliza. Viatu vinavyoanza kuburuta changarawe, pumzi inayokatika katikati ya neno: hivyo humwambia mengi kuliko saa iliyo mkononi. Penye mwinuko hupunguza kidogo ili juhudi ibaki ileile. Penye mteremko haongezi kwa tamaa. Upepo ukija wa ubavuni, husogea upande unakotoka ili wenzake wajikinge. Huchukua miaka kuyajua hayo, maana mwili wenye nguvu unataka kwenda, naye kazi yake ni kuushika usiende.

Niliwahi kumwona mmoja akimrudia dada aliyekuwa anajiandaa kwa marathoni yake ya kwanza. Dada alishaanza kutembea, mikono kiunoni, akisema kilomita 42 si za mtu kama yeye. Jamaa hakumhubiria. Alitembea naye kidogo, akisubiri pumzi irudi, halafu akasema, “Dada, achana na kilomita. Tufike tu pale kwenye mwembe.” Wakafika. “Haya, sasa pale kwa mashine ya kusaga.” Alikuwa mbele yake nusu hatua, si zaidi, na nusu hatua hiyo ndiyo ufundi wenyewe: ukiwa mbali mno mwenzako anakata tamaa, ukiwa sambamba naye kabisa hana wa kumvuta. Wenzao waliokuwa wametangulia wakarudi kuwapokea, wakipiga makofi, “Kaza dada, kaza!” Dada alimaliza mazoezi ya siku hiyo akikimbia.

Nikifikiria hilo sishangai kwamba Mlima Elgon ulitoa ndugu wawili, Linet na Moses Masai, waliopanda jukwaani katika Mashindano ya Dunia ya Berlin mwaka 2009: Linet kwa dhahabu ya mita 10,000, Moses kwa shaba ya mbio hizohizo upande wa wanaume. Kuwa na mtu wa kumfuata nyumbani kwenu ni utajiri.

Ulimwengu uliona thamani ya kazi hii mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, watano mbele wamejipanga kama herufi V na wawili nyuma. Kwa sababu ya kupokezana huko muda ule haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, na ni sawa, kanuni ni kanuni. Kwangu la kukumbuka ni mita za mwisho, pale waliomvuta walipojiweka nyuma, wengi wao mabingwa kwa haki yao wenyewe, wakimshangilia amalize peke yake.

Asidhani mtu kwamba anayevuta ni dhaifu aliyekosa la kufanya. Sammy Korir alikuwa miongoni mwa waweka kasi wa Paul Tergat kule Berlin mwaka 2003. Tergat aliandika rekodi ya dunia ya saa 2:04:55, na Korir akamaliza sekunde moja tu nyuma yake. Jipcho naye alirudi na fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya 1972, akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo mwaka 1973, na mwaka 1974 akatwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola kule Christchurch. Alifariki Julai 2020.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa mbio zetu za Bungoma na Kitale: mnapobandika matokeo, andikeni pia jina la aliyevuta, hata kama alijitoa kilomita ya 30.