Kosa la Oakmont Lilianza na Miche

Mlioangalia U.S. Open ya gofu ya 2025 pale Oakmont mlimwona J.J. Spaun akitumbukiza mpira kutoka futi 64 kwenye grini ya 18. Mliona pia uwanja ulivyo wazi, jicho linaruka toka shimo hadi shimo bila kugonga tawi. Ndivyo mwasisi wake, Henry Fownes, alivyoutaka tangu 1903. Waliouharibu ni warithi wake, kwa majembe yao wenyewe.

Kuanzia miaka ya 1960 klabu ilipanda miti kwa maelfu, eti uwanja upendeze. Upuuzi mtupu! Ubaya wa mche ni kwamba hauna ubaya. Mwaka wa kwanza kivuli chake hakizidi cha kofia. Miaka thelathini ikipita, umesimama mashariki ya grini, jua linachelewa, umande haukauki, upepo haupiti, na kuvu wanakula karamu. Nyasi inayokatwa chini ya milimita 3 haina jani la kutosha kupokea mwanga; ukiinyima jua la asubuhi umeinyima chakula. Mizizi nayo inakuja chini kwa chini kunywa maji yasiyo yake. Na mti ukizeeka ndipo unapopendwa. Nani kwenye kamati atatia saini ukatwe mti alioupanda babake? Fownes, mtu wa viwanda vya chuma, asingepoteza hata dakika.

Oakmont hatimaye waliikata, na ukataji huo wa miaka ya 1990 ulifanywa barabara: alfajiri, gizani, visiki vikasagwa na nyasi mpya ikatandikwa kabla wanachama hawajafika. Ila watu wazima kufanya kazi halali kama wezi wa kuku, hiyo ndiyo gharama ya ile miche.

Wanaonifuata wanajua naelekea wapi. Ndiyo, ule mkaratusi wa klabuni kwetu. Grini ya saba ina kipara upande wa mti, na kila mwaka tunaambiwa ni ugonjwa. Juzi saa nne asubuhi nilipiga goti nikaweka kiganja: kikatoka kimelowa, na utelezi wa kijani vidoleni. Hatua kumi kutoka hapo, penye jua, nyasi kavu, imesimama wima. Nilimwita mwenyekiti aje aone. Akasema mti ule unapendeza kwenye picha za harusi.

Mwezi huu kamati imenunua dawa nyingine ya kuvu. Na miche 40 ya jakaranda.