Jakobiani Mbovu Hufika, Ila kwa Kuzunguka

Hadi 2024, West Nile, Uganda, ilikuwa kisiwa cha umeme: Nyagak na megawati zake 3.5 tangu 2012, jenereta za dizeli, basi. Sasa laini ya kilovolti 132 imefika Arua kupitia Gulu na Nebbi. Anayetaka kujua volteji itashuka kiasi gani huko Vurra, mpakani na Kongo, mzigo ukipanda, hana budi kukokotoa mtiririko wa umeme. Tangu makala ya Tinney na Hart ya 1967, wahandisi wengi hutumia njia ya Newton: unakisia, unapima umekosea kiasi gani, na jakobiani, yaani jedwali la kasi za mabadiliko, inakuonyesha pa kusogea.

Wengi huliandika jedwali hilo kwa mkono. Likiwa na kosa, programu haidanganyi. Ikifika mwisho, jibu ni sahihi, kwa kuwa jibu hutokana na milinganyo yenyewe. Kosa huonekana kwenye mwendo tu. Newton mzima hupunguza tofauti kutoka 0.1 hadi 0.01, kisha 0.0001, kisha 0.00000001. Ukiona 0.1, 0.02, 0.004, usiulaumu mzigo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Sogeza kigeu kimoja kidogo mbele na kidogo nyuma, kokotoa upya, gawa tofauti kwa umbali wote kati ya nafasi hizo mbili, kisha linganisha na safu wima yake kwenye jakobiani. Sehemu moja ya milioni inatosha. Ukipunguza mno, tarakimu humezwa na ukadiriaji wa mashine.

Lakini unapimia wapi? Wengi hupimia pale wanapoanzia: volteji zote 1, yaani kiwango chake cha kawaida, pembe zote 0. Sasa tazama kipengele cha pembe, G sin θ − B cos θ, ambapo G ni konduktansi na B ni suseptansi ya laini, na θ ni tofauti ya pembe kati ya ncha zake. Aliyeandika −G sin θ hakamatwi hapo, kwa sababu sini ya 0 ni 0. Hata kwenye laini ya kilovolti 132 anaweza kupita, maana G yake ni ndogo kando ya B. Tuseme laini ndefu ya kilovolti 33 ambayo G yake inalingana na B: tofauti ya pembe ya nyuzi 5 tu inakipotosha kipengele hicho kwa asilimia 16 hadi 19 hivi. Kosa la namna hiyo ndilo huleta mwendo kama ule wa 0.1, 0.02, 0.004.

Pimia kwenye pembe za kubahatisha, volteji zisizolingana, na kwenye mtandao wenye ukinzani mkubwa. Sifuri usiiguse.