Begi la Kazi Zote

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo ingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila duka la mabegi ya mgongoni, maana humo ndani kila mzigo ni usufi mtupu. Begi limetundikwa juu, limejazwa magazeti likatuna vizuri, mikanda imenyooka, na muuzaji anaapa kwamba ni begi la kazi zote: la kwendea kazini, la safari na la kupandia mlima. Mnunuzi analivaa na magazeti yake humo humo, anajitazama kwenye kioo, anatoa fedha. Mzigo wenyewe atakutana nao baadaye, akiwa peke yake njiani.

Madai hayo ya kazi zote ndiyo ninayotaka kuyapima hapa. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, ilhali vyombo vya matumizi ya kila siku tumewaachia wanaoviuza wavihakiki wenyewe. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kazi hiyo humzoesha mtu kutazama migongo. Utaiona ya watoto wanaoingia getini asubuhi wameinama kama wanaotafuta senti iliyodondoka. Utaiona pia ya walimu wapya wanaoripoti kituoni na begi moja, ambalo ndilo sanduku lao, ndilo kabati, na ndilo mkoba wa madaftari. Watu hao wana fedha ya kununua moja tu, na wakichagua vibaya, migongo yao italipa deni hilo kwa miaka.

Hoja yangu ni moja. Begi halipunguzi mzigo hata chembe. Linachofanya ni kuamua mzigo utakaa wapi: begani, nyongani, au juu ya mwili wa mtu mwingine. Kwa hiyo anayechagua begi anachagua mahali pa kuuweka mzigo, na hilo ndilo swali la kwanza la kuliuliza begi lolote, kabla ya rangi na kabla ya idadi ya mifuko.

Historia ya chombo hiki yenyewe ni historia ya kuuhamisha mzigo. Sisi wa rika langu tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa tuliijua shanta ya turubai, ambayo uzito wake wote uliishia mabegani. Huko Norway, Ole Bergan alikuwa amekwisha kutengeneza, mwanzoni mwa karne ya 20, begi lenye kiunzi kilichopindwa kufuata umbo la mgongo. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni. Mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Greg Lowe, aliiingiza fremu ndani ya begi, na mabegi mengi makubwa ya leo yanafuata njia hiyo.

Kwa nini kiunoni? Kwa sababu bega ni mahali pa misuli na mishipa ya fahamu, huchoka na kufa ganzi upesi, lakini nyonga ni mfupa mpana uliokaa moja kwa moja juu ya miguu. Mkanda mpana wenye sponji, ukikazwa juu ya mfupa wa nyonga, hupeleka huko sehemu kubwa ya uzito. Lakini sharti kuwe na kitu kigumu mgongoni mwa begi, ubao au vyuma, cha kuushusha uzito mpaka kwenye huo mkanda. Bila hicho, kitambaa hujikunja na uzito hurudi begani. Mabegi mengi ya bei ya chini yamewekewa utepe mwembamba kiunoni bila ubao wowote nyuma. Utepe huo huzuia begi lisiyumbe, basi. Kuuita mkanda wa kubebea ni kumghilibu mnunuzi.

Wala tusidhani kwamba maarifa ya kubeba yalianzia Ulaya na Marekani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya oksijeni kuongezeka. Yaani, mama wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba mikono mitupu. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza kwamba siri imo katika mwendo wao, unaookoa nguvu hatua kwa hatua mithili ya timazi inayobembea. Hao ni watu waliozoea tangu utotoni, na simshauri mwalimu kijana akaige mwezi huu. Nasema tu kwamba swali la mahali pa mzigo lilijibiwa hapa kwetu zamani, na kwa ufundi.

Sasa tuzitazame kazi tatu hizo, moja baada ya nyingine.

Kazi ya kwanza ni ya kila siku. Mfano wa begi lililobuniwa kwa kazi hii pekee ni Kånken la Uswidi, lililotoka mwaka 1978 kwa ajili ya watoto wa shule, wakati ambapo maumivu ya mgongo yalikuwa yakizungumzwa sana huko. Linachukua lita 16 na ni jepesi mno. Ukilitazama kwa jicho la mwalimu utaona hekima yake: udogo wake wenyewe ni kanuni. Mtoto hawezi kulijaza kupita kiasi kwa sababu nafasi haipo. Kasoro yake ni mikanda myembamba isiyo na sponji. Ukiweka vitabu vizito, bega litasema. Serikali ya India, katika sera yake ya mwaka 2020 kuhusu mabegi ya shule, iliweka kipimo cha asilimia 10 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 25 hiyo ni kilo mbili na nusu, ambayo ndiyo rimu moja ya karatasi za A4. Mzazi anayenunua begi kubwa ili mtoto akue nalo na apime hapo.

Kwa mtu mzima wa mjini, kazi ya kila siku ina mtihani mwingine, nao ni daladala. Begi linalotokeza nyuma humgonga aliyeketi, na mifuko yake ya nje huwa wazi kwa kila mkono usio wa mwenyewe. Ndiyo maana abiria wengi hulivaa kifuani. Begi la mjini, basi, ni dogo na bapa, lenye mfuko wa fedha na simu upande unaogusa mgongo. Mikanda na vitanzi vinavyoning'inia, ambavyo mlimani vina kazi, ndani ya daladala ni ndoana tu.

Kazi ya pili ni safari. Hapa jambo la kwanza ni namna begi linavyofunguka. Lenye mdomo juu tu ni kisima: shati unalolitaka limo chini, na huna budi kutoa kila kitu. La safari lifunguke pande tatu kama sanduku. Mashirika mengi ya ndege hukubali chumbani begi la takriban sentimita 55 kwa 40 kwa 20, ambalo ukikokotoa utapata lita 44. Lakini mengi huweka pia ukomo wa kilo 7, na hapo hesabu ya muuzaji hupinda. Anasifu lita 44, nawe unaruhusiwa kilo 7. Begi lenyewe tupu likiwa na kilo mbili, umebakiwa na tano. Kwa msafiri huyo uzito wa begi tupu ni habari muhimu kuliko lita zake, lakini aghalabu hautajwi mpaka uulizwe.

Kazi ya tatu ni nyikani na milimani, na hapa picha za matangazo hudanganya kwa namna ya pekee. Huonyesha mtu mmoja kileleni na begi kubwa lenye mikanda kumi. Wanaopanda Kilimanjaro wanajua yanayotendeka. Mgeni hubeba begi la lita 30 hivi, lenye maji, koti la mvua na sweta. Vingine vyote hupandishwa na mpagazi, ambaye kanuni za hifadhi zimemwekea ukomo wa kilo 20. Mara nyingi mpagazi hubeba kichwani au kisogoni, kwa hiyo makampuni ya utalii humwomba mgeni alete begi laini lisilo na vyuma. Ule mkanda wa nyonga uliolipiwa fedha nyingi hauna kazi pale. Hiki ndicho kipande cha uhakiki ambacho sitaki kipite kimya kimya. Kila kitu kisicho cha lazima kinachotiwa begini Moshi kitapandishwa na shingo ya kijana fulani, na usufi ni wa mgeni, si wa kijana.

Kwa anayepanda na mzigo wake mwenyewe, kipimo cha kutafuta ni urefu wa mgongo. Urefu wa mtu hautoshi. Inamisha kichwa, gusa mfupa unaotokeza chini ya shingo, kisha mwenzio apime kutoka hapo kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Watu wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa. Begi lisilolingana na kipimo hicho litaufunga mkanda tumboni au makalioni, na fedha imepotea.

Msomaji ameshaona kwamba kazi hizi zinavutana. Daladala inataka begi bapa lisilo na ubao, mlima unataka ubao na mkanda, ndege inataka wepesi na mdomo mpana. Begi la kazi zote huchukua robo ya kila sifa. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika tatu. Hata hivyo sitamcheka mwenye fedha ya begi moja. Namshauri anunue kwa hesabu ya siku. Mwalimu huenda shuleni karibu siku 200 kwa mwaka, husafiri kwenda kwao mara mbili au tatu, na mlima huenda asiupande kabisa. Anunue begi zuri la lita 20 hadi 25 kwa hizo siku 200. Kwa safari aazime la nduguye, na kwa mlima akodi. Moshi yapo ya kukodi. Ushauri wa kawaida wa madukani, kwamba ununue kubwa ili likufae siku yoyote, humbebesha mtu kila siku begi la safari ya Desemba. Nafasi tupu nayo haikai tupu: mtu huijaza.

Nimalizie na uimara, ambapo napo kuna namba za kutisha. Lebo huandika 420D au 1000D. Namba hiyo ni uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000. Uzi wa 1000D wenye urefu huo una kilo moja. Ni habari ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu mshono, na mabegi kwa kawaida hufia mshononi: kwenye shina la mkanda wa bega na kwenye zipu. Geuza begi ndani nje. Shina la mkanda liwe limeshonwa kwa mistari iliyorudiwa, na ncha ya mkanda iwe imeingia ndani ya mshono. Zipu ifunguke na kufunga kwenye kona bila kukwama. Kichwa cha zipu kikilegea, fundi hukibana kwa koleo au hukibadilisha. Meno yakikatika, zipu nzima hutolewa. Chunguza pia utando wa ndani unaozuia maji. Katika joto na unyevu wa pwani utando huo hubabuka na kunata kama gundi, hata kama begi halikutumiwa. Kwa sababu hiyo begi la mtumba linukishwe na lipapaswe ndani kabla ya kulipiwa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hatuna tena kinga ya bure ya kufunika madaftari wakati wa mvua. Lakini kitambaa cha mwavuli uliovunjika, mikononi mwa fundi cherehani, hutoa mfuniko mzuri.

Mtihani wa mwisho ni rahisi, nao hauhitaji lebo. Jirani na duka la mabegi hakukosi duka la vifaa vya shule. Omba rimu mbili za karatasi, ndizo kilo tano. Kwa begi kubwa omba nne, ndizo kumi. Zitie, livae, tembea robo saa, panda ngazi, inama ufunge kamba za kiatu. Kisha jiulize uzito umekaa wapi. Kama jibu ni shingoni, lirudishe kwenye msumari wake, na muuzaji akinuna mwache anune. Yeye hatalibeba.